Zawadi ya Idi kwa mtoto: gari la betri, matofali, tableti au bao?

Kumi la mwisho la Ramadhani likishaingia, Darajani, sokoni mjini Unguja, hapapitiki. Nguo na viatu vimetangulia mbele, na katikati yake, juu ya meza na chini kwenye maturubali, vimetandazwa vitu vya kuchezea vya kila rangi: magari yanayowaka taa, bastola za plastiki, simu za bandia zinazoimba, watoto wa bandia, na siku hizi maboksi yanayoahidi kwamba kilichomo ndani kitamkuza mtoto akili. Chake Chake na Wete, kule Pemba, ni hivyo hivyo, wingi tu ndio tofauti. Mzazi anafika hapo alasiri, saumu imemkaba, futari haijapikwa, na ana pesa za zawadi moja kwa kila mtoto.

Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili yake, na kwa ajili ya kina ami, shangazi na bibi ambao nao hawapendi kuiingia Idi mikono mitupu. Nimeviweka pamoja vitu ambavyo watu huvishika viwili viwili wakasita, na kila mahali nimesema kipi ningekichukua mimi.

Kipimo changu ni kimoja. Sikukuu kwetu ni siku nne. Siku hizo mtoto ana nguo mpya, ana pesa za sikukuu alizozungukia kwa majirani, anapelekwa Kariakoo kubembea, na wa Pemba anapelekwa Tibirinzi. Chochote utakachompa kitampendeza. Mimi naangalia siku ya tano, nguo zimeshafuliwa na pesa zimekwisha, mtoto yuko nyumbani: je, atakifuata tena kile ulichomnunulia? Na akikifuata, anayefanya kazi ni yeye, au ni kile kitu?

Gari la betri au matofali ya kujengea (miaka 2 hadi 5)

Gari la betri lina mvuto wake, sitaki kulidharau. Unabonyeza, linaondoka, linapiga king'ora, linagonga ukuta, linageuka lenyewe. Mtoto anacheka mpaka anakaa chini. Lakini hayo ndiyo yote linayoyaweza, na akishayaona amebaki mtazamaji. Ndiyo maana magari haya huishia kufunguliwa kwa msumari kabla wiki haijaisha. Mtoto anayelifungua gari ili aone kinacholiendesha asipigwe. Hapo ndipo alipoanza kufikiri. Halafu kuna hewa yetu ya chumvi. Vile vyuma vidogo vinavyoshika betri hupata kutu upesi, hasa kwa nyumba za karibu na pwani, na gari linakufa hata kama betri ni mpya.

Matofali ya kujengea, ya mbao au ya plastiki, hayafanyi lolote mpaka mtoto ayaguse, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Watu wameyatumia kufundishia kwa muda mrefu. Friedrich Froebel, Mjerumani aliyefungua skuli ya kwanza ya watoto wadogo ya aina yake mwaka 1837, aliyafanya matofali madogo ya mbao kuwa sehemu ya masomo yenyewe. Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, mwalimu wa Marekani Caroline Pratt aliyapanga kwa vipimo: mawili madogo yanatosha juu ya moja la kati, na mawili ya kati yanatosha juu ya moja kubwa. Mtoto anayejenga kwa matofali ya namna hiyo anaijua nusu na robo kwa mikono yake kabla hajaisikia darasani.

Kaa pembeni umtazame mtoto wa miaka mitatu. Anaweka tofali dogo chini, kubwa juu, mnara unaanguka. Anaweka tena vile vile, unaanguka tena. Mara ya tatu anasita, mkono uko hewani, analitazama lile kubwa, analiweka chini kwanza. Huyo amefanya jaribio zima bila ya kufundishwa na mtu. Tatizo ni sisi wakubwa, tunakuwa wepesi wa kusema "siyo hivyo mwanangu, lete nikuoneshe". Mwache. Kazi yako wewe ni kumpa maneno: juu, chini, kati, refu, fupi, pana, limelala, limesimama.

Kwa hapa kwetu kuna jambo jengine zuri. Matofali si lazima uyanunue kwenye boksi. Nenda kwa fundi seremala, mwambie akukatie vipande kutoka kwenye mabaki yake, kwa vipimo vya Pratt nilivyovitaja, na avipige msasa mpaka pembe zisichome. Vipande arubaini vinatosha kujenga msikiti, gati na boti ya kwenda Pemba. Muulize tu mbao hizo hazijatiwa dawa ya mchwa, maana mtoto wa umri huu hutia kila kitu mdomoni, na usipake rangi wala vanishi.

Kwa umri huu mimi nachukua matofali, bila ya kusita. Ikiwa mtoto wako anapenda magari kupita kiasi, mnunulie gari la kusukuma lisilo na betri, la plastiki ngumu au la mbao. Mngurumo ataufanya mwenyewe kwa mdomo, na safari ataipanga yeye.

Tableti au kitabu

Hapa sitachukua muda. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Kwa hiyo kumnunulia mtoto wa maandalizi tableti yake mwenyewe ni kujinunulia ugomvi wa kila siku, mbali na umeme wa tukuza utakaokwenda kwenye kuichaji. Kwa mtoto wa darasa la tano kwenda mbele, tableti inaweza kuwa na faida ikiwa ni ya nyumba, inakaa sebuleni, na kuna mkubwa anayekaa naye.

Kuna na tableti za bandia, zile za plastiki zenye herufi zinazosema ukizibonyeza. Wazazi wengi huzipenda kwa kuamini kwamba zinafundisha kusoma. Zile herufi zinasemwa kwa Kiingereza, "ei, bii, sii". Mtoto wetu anaanza kusoma kwa Kiswahili, na Kiswahili kinasomeka kwa silabi: ba, be, bi, bo, bu. Aliyeshika "bii" kichwani hasomi neno "baba" kwa urahisi zaidi. Mara nyingi anababaika zaidi. Kwa pesa hizo hizo nunua ubao mdogo na chaki, ukae naye umuandikie jina lake.

Kitabu cha hadithi chenye picha, kwa Kiswahili, ni zawadi ambayo wengi wanaiona haina sherehe. Ina sherehe ikiwa utamsomea siku hiyo hiyo ya Idi pili, baada ya chakula cha mchana, akiwa amekaa ubavuni pako. Mtoto mdogo atakwambia "tena", na utakisoma kitabu kimoja mpaka wewe ukichoke. Yeye hachoki, kwa sababu kila mara anabashiri neno linalofuata na akilipata anashangilia. Kitu kimoja cha kuangalia ni unyevu. Masika yetu ni ya Machi hadi Mei, na vitabu vilivyopangwa kwenye ukuta wa mawe huota ukungu. Viweke mbali na ukuta, uviangalie mara kwa mara. Na mtoto akishaonja kusoma, mpeleke Maktaba Kuu ya Maisara, au kwa Pemba ile ya Chake Chake, kabla hujanunua chengine.

Bao, dhumna au keram (miaka 5 na kuendelea)

Sasa tufike penye utajiri. Vitu hivi vitatu vimejaa barazani kwetu, pale Jaws Corner ya Mji Mkongwe na vijijini, na labda kwa kuwa viko kila mahali tunavihesabu kuwa ni michezo ya wazee wanaosubiri kahawa. Mtu anapita mbele ya bao akaenda kununua boksi la plastiki la "kukuza akili". Mimi nasema hakuna kitu katika maduka ya Unguja na Pemba kinachomfundisha mtoto hesabu na subira kuliko hivi vitatu, lakini havifundishi sawa na havimfai kila umri.

Anza na dhumna kwa mtoto wa miaka mitano. Vipande ni 28, kuanzia kile kitupu pande zote mpaka cha sita kwa sita. Mtoto kwanza anahesabu nukta moja moja kwa kidole. Baada ya muda kidole kinaondoka: anaiona tano na kuijua bila ya kuihesabu, kwa umbo lake tu. Hapo amepata kitu ambacho walimu wa darasa la kwanza hukitafuta kwa taabu. Akishafika hapo, ongezeni mchezo. Kila mnapoweka kipande, jumlisheni ncha mbili zilizo wazi; ikiwa jumla inagawika kwa tano, aliyeweka anapata alama zake. Tatu upande huu na mbili upande ule, tano. Nne na sita, kumi. Watoto wa miaka saba watajumlisha kwa kasi ambayo hukuitegemea, kwa sababu alama ni zao. Wakicheza wanne, kila mmoja anashika vipande saba, na sasa anajifunza jambo la pili: kukisia mwenziwe ana nini kutokana na alichokataa kucheza.

Dhumna ni nafuu, haziharibiki kwa unyevu, na zinaingia mfukoni. Udhaifu wake ni kwamba vipande vimegawiwa kwa bahati, kwa hiyo mtoto anaweza kushinda bila ya kufikiri na akashindwa baada ya kufikiri vizuri. Kwa mtoto mdogo hilo si baya, kwani linampa nafasi ya kumshinda baba yake.

Bao halina bahati hata chembe. Kila kitu kiko wazi mbele ya macho ya wote wawili: mashimo 32 katika safu nne za manane, na kete 64, kila mchezaji 32. Kete za asili ni komwe, zile mbegu za kijivu ngumu zinazong'aa. Bao kamili la Kiswahili lina hatua mbili, namua (kuingiza kete za mkononi) na mtaji (kucheza na zilizoko ubaoni), na mwanzo wake unataka kukumbuka: sita nyumbani, yaani katika lile shimo maalumu la safu ya mbele, mbili na mbili kwenye mashimo ya jirani, na 22 zinabaki mkononi za kuingizia moja moja. Usimuanzishe mtoto hapo. Muanzishe kwa bao la kujifunza: kila shimo kete mbili, mashimo yake 16, basi zimetimia 32, na mchezo unaanza moja kwa moja.

Mtoto wa miaka sita au saba anachota kete za shimo moja na kuzigawa moja moja. Kete ya mwisho ikiangukia kwenye shimo tupu, zamu yake imekwisha, kete imelala. Ikiangukia safu ya mbele kwenye shimo lenye kete, na shimo la mwenziwe linalolikabili lina kete pia, anakula. Mwanzoni anachota popote na kusubiri kuona itakuwaje. "Ami, imelala tena!" atakwambia kwa masikitiko. Usimjibu kwa kumuonesha shimo zuri. Muulize: "Pale pana kete ngapi? Ya mwisho itafika wapi?" Atahesabu kwa macho, kidole kikigusa hewani juu ya kila shimo. Siku atakayoacha shimo la kwanza kwa sababu ameona la tatu linakula, huyo ameanza kupanga. Na siku atakayokuzuia wewe, akazihamisha kete za shimo lake kwa kuwa ameona wewe ndiye ungezila, hapo ameingia katika kichwa cha mtu mwengine, na somo hilo halipo kwenye daftari lolote.

Kuna jambo nataka kulisema kwa uzito. Bao limekaa kama mchezo wa wanaume, na wasichana wetu hupita barazani wakitazama kwa pembe ya jicho. Lakini msichana aliyekua akicheza mdako tayari ana mkono wa bao: anarusha kijiwe juu, anachota vyengine kutoka shimoni, anarudisha na kuacha idadi inayotakiwa, kisha anakidaka kile kabla hakijaanguka. Anahesabu huku mkono uko mwendoni. Mnunulie bao msichana, na baba yake akae acheze naye ukumbini.

Ukinunua bao, yale ya madukani mwa watalii mengi yamechongwa kwa kupendeza machoni: mashimo ni madogo, rangi inang'aa, kete kumi hazienei. Jaribu dukani kwa kutia komwe kumi katika shimo moja, zikimwagika, rudisha. Bao zuri ni zito, halitelezi juu ya mkeka, na ndani ya mashimo hamna vijiti vya kuchoma vidole. Fundi wa mtaani atakuchongea, lakini mwambie mapema, si siku mbili kabla ya Idi.

Keram ni jengine kabisa. Vidole ndivyo vinavyofundishwa: nguvu kiasi gani, pembe ipi, kete igonge ubavu gani ili irudi kwenye shimo la kona. Nyeupe tisa, nyeusi tisa na nyekundu moja, na kile kigae kikubwa cha kupigia. Mtoto wa miaka minane kwenda juu anapata ndani yake jiometri ya mwili mzima, na watoto wenye pupa ndio wanaofaidika zaidi, kwani keram humuadhibu anayepiga kwa hasira. Ila ni ghali kuliko viwili vya mwanzo, ni kubwa, inataka poda na meza iliyokaa sawa, na ubao wake ukipata unyevu hupinda, na uliopinda haufai tena. Nunueni kwa mchango, ami na shangazi pamoja, iwe ya watoto wote wa nyumba.

Kama nina pesa za kimoja tu: kwa mtoto wa miaka mitano, dhumna. Kwa wa saba kwenda juu, bao, lakini kwa sharti kwamba yupo mkubwa atakayecheza naye jioni. Bao lisilo na mwenza hugeuka bakuli la kuwekea funguo.

Vya kutengeneza kwa mkono

Watoto wa pwani wanachonga ngarawa ndogo za mti mwepesi, wanazitia tanga la kipande cha kiroba na vijiti vya pembeni vya kuizuia isipinduke, halafu wanazishindanisha maji yakiwa ya magoti. Tiara nayo inataka chelewa mbili tatu, karatasi, uzi na mkia. Anayefanya hivi anajifunza mizani na upepo kwa njia ambayo hakuna boksi la dukani linaloikaribia: mkia mfupi, tiara inazunguka, mkia mzito, haipandi. Kwa mtoto wa miaka minane na zaidi, zawadi inaweza kuwa mkasi mzuri, gundi, bunda la karatasi na uzi imara, pamoja na babu aliyekubali kutoa alasiri moja. Tiara zirushwe ufukweni au uwanjani, mbali na nyaya za umeme.

Kabla hujalipa

Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, chukua lile bomba la karatasi linalobaki karatasi ya chooni ikimalizika. Kitu chochote kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba koo. Wapimaji wa viwandani hutumia kikopo chenye upana wa milimita 31.7, chembamba kuliko bomba hilo, kwa hiyo kipimo chako cha nyumbani ni kikali zaidi, na ndivyo itakiwavyo. Komwe zinapita. Dhumna nyingi zinapita. Nyumba yenye mtoto anayetambaa, kete zihesabiwe kila baada ya mchezo na kuwekwa juu: 64 zimetoka, 64 zirudi.

Betri zile ndogo za duara, bapa kama kifungo, ndizo zinazonitisha kuliko vyote. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili. Usinunue kichezeo ambacho kifuniko cha betri kinafunguka kwa kucha. Kiwe kimefungwa kwa skrubu. Ukishuku tu kwamba amemeza, mpeleke hospitali papo hapo, usingoje dalili. Sumaku ndogo ndogo ni hatari vile vile: mbili zikimezwa huvutana ndani na kuubana utumbo.

Pulizo lililopasuka, okota vipande vyote. Bastola zinazorusha vidonge vya plastiki sinunui kwa mtoto yeyote wa umri wowote, na nawaomba wenzangu tuache kuzinunua. Jicho likipigwa halirudi. Kwenye boksi tafuta ile alama ya duara yenye uso wa mtoto na namba 0-3 iliyokatwa kwa mstari: maana yake kisipewe mtoto wa chini ya miaka mitatu, hata akiwa mwerevu namna gani. Na rangi inayobanduka ukiikwaruza kwa ukucha, kiache hapo hapo mezani. Rangi za bei ya chini zinaweza kuwa na risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto, na hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama.

Ikiwa mtoto haoni, au anaona kwa shida

Watoto hawa mara nyingi hununuliwa redio au kitu kinachotoa sauti, kana kwamba masikio ndiyo yaliyobaki peke yake. Bao linachezeka kwa vidole. Kete zinahesabika kwa kuguswa, mashimo yako mahali pamoja siku zote, na ile nyumba, ikichongwa mraba kweli na mengine yakawa ya duara, kidole kinaipata kwa pembe zake. Mwambie fundi ayazamishe mashimo kidogo zaidi ili kete zisitoke zinapopapaswa, na mpinzani aseme kwa sauti kila anachocheza: ametoka shimo lipi, amekula wapi. Kwa dhumna, chagua zenye nukta zilizochimbwa, siyo zilizochapwa rangi tu juu. Jaribu mwenyewe dukani: fumba macho, shika vipande vitatu, vitaje. Ukivikosa, muombe muuzaji akuletee aina nyengine kabla hujatoa pesa.